Tulidhani tuna bakapu, kumbe folda moja ilikuwa inafutika kwa watu kumi na mmoja

SWALI

Ndugu Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni msimamizi wa maabara ya baiolojia ya molekuli katika chuo kimoja Kanda ya Ziwa. Tuko kumi na mmoja: profesa, watafiti wawili, wanafunzi sita wa uzamili na uzamivu, na mafundi sanifu wawili. Tunapima bakteria wa brusela kwa mifugo na kwa wafugaji. Tuna mashine ya qPCR (hupima wingi wa DNA), kisomaji cha ELISA (kipimo cha kingamwili) chenye kompyuta ya Windows 7 isiyo na intaneti, hadubini yenye kamera, na MinION ya kusoma DNA. Data zote kwa jumla ni kama TB 3.

Kila mtu anahifadhi kwenye laptopu yake. Ipo pia folda ya pamoja ya Google Drive, iliyofunguliwa kwa Gmail binafsi ya mwanafunzi mmoja na kusawazishwa kwenye laptopu za wote. Mezani kwangu kuna eksteno (diski ya nje) ya TB 4. Mwezi uliopita tuligundua kwamba mafaili ya pleti 14 za qPCR (trei za visima 96 vya sampuli) hayapo. Wiki sita kabla, mwanafunzi ambaye laptopu yake ilikuwa imejaa alifuta folda akidhani anafuta nakala yake tu. Kwenye Drive hamna kitu, na kwenye pipa la taka hamna kitu. Nilipochomeka eksteno ikaanza kugonga tik-tik. Nadhani iliwahi kuanguka.

Profesa ametenga shilingi milioni tatu, anataka tununue NAS (sanduku la diski linalotumiwa na wote kupitia mtandao) tumalize. Itatosha? Majina ya wafugaji waliotolewa damu nayo yamo humo humo. Mwenye Gmail anamaliza masomo baada ya miezi miwili. Na watu nifanyeje wafuate utaratibu, maana kila tangazo langu linaheshimiwa siku moja tu?

*Msimamizi, Kanda ya Ziwa*

JIBU

Ndugu Msimamizi, pole. Kabla hamjanunua hata waya, nenda kwenye kompyuta inayoendesha mashine ya qPCR. Mara nyingi faili asili hubaki pale pale lilipozaliwa, kwa sababu watu hunakili kwenda kwenye flashi, hawahamishi. Tafuta diski nzima kwa mwishilio wa faili, si kwa jina: *.eds kama mashine ni QuantStudio, *.pcrd kama ni ya Bio-Rad CFX. Baadhi ya mashine hutunza pia kumbukumbu za mizunguko ndani yake zenyewe, kwa hiyo angalia na kwenye kioo cha mashine. Kisha uliza kama kuna mwenzenu ambaye laptopu yake haijawashwa tangu wakati ule. Kama yupo, iwashwe mahali pasipo na Wi-Fi kabisa. Ikipata mtandao tu, Drive itatekeleza amri ya kufuta iliyokuwa inaisubiri, na nakala ya mwisho itaondoka mbele ya macho yenu.

Laptopu ambamo folda ilifutwa, kama ina diski ya kuzunguka, isitumike tena mpaka mpitishe PhotoRec au programu nyingine ya kuokoa mafaili, na kitakachookolewa kiandikwe kwenye diski tofauti. Kama ni SSD, matumaini ni madogo: mfumo huiambia SSD ni maeneo gani yameachwa, nayo huyasafisha yenyewe. Eksteno inayogonga ichomoe, usiichomeke tena hata kwa kujaribu. Sauti hiyo ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia na kukosa, na kila jaribio linaweza kukwangua uso wa sahani ya ndani. Ule ushauri wa kuiweka kwenye frizaa uacheni. Unyevu utaganda humo ndani. Wapo mafundi wa kuokoa data kwenye diski zilizoharibika, lakini bei yao huwa kubwa, kwa hiyo uamuzi huo usubiri mjue kwanza kompyuta ya qPCR ina nini.

Sasa kilichowapata. Hamkuwa na bakapu hata moja. Google Drive iliyosawazishwa ni faili moja linaloonekana mahali kumi na moja, na anayelifuta mahali pamoja amelifuta kote. Pipa la Drive hushikilia kitu siku 30. Wiki sita ni siku 42. Kama folda ingekuwa chini ya akaunti ya chuo, msimamizi wa mfumo angeweza kurudisha kwa siku 25 zaidi baada ya pipa kumwagwa, jumla 55, na mngezipata pleti zenu. Kwa Gmail binafsi mlango huo haupo.

Nakala ni bakapu pale tu inapobaki kama ilivyo hata asili ikiharibiwa, iwe kwa kidole cha mtu, kwa kirusi au kwa radi. Kwa kipimo hicho NAS peke yake inashindwa pia. NAS ya diski mbili kwa mpangilio wa RAID 1 inaandika kila kitu kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Lakini ukifuta, umefuta kote kuwili sekunde ile ile. RAID inakukinga na diski iliyokufa, basi. Haikukingi na mwenzako.

Hata wakubwa yamewakuta. Desemba 2021, kwenye kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, skripti ya mfumo wenyewe wa bakapu ilikusudiwa kufuta mafaili ya kumbukumbu yenye umri wa zaidi ya siku 10. Ikabadilishwa huku inaendelea kutembea, sehemu iliyopaswa kuwa na jina la folda ikawa tupu, na badala ya kumbukumbu zikafutwa data za watafiti: takriban TB 77, mafaili kama milioni 34, ya vikundi 14. Vikundi vinne havikuweza kurudishiwa vyao. Pesa hazikukosekana pale. Ilikosekana nakala ambayo programu ile haikuweza kuifikia.

Kwa hiyo milioni tatu zenu zisiishie kwenye NAS. Mimi ningenunua kwa mpangilio huu: eksteno mbili za TB 5 kwanza, UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) pili, NAS mwisho kwa kinachobaki. Eksteno mbili bila NAS ni bakapu. NAS bila eksteno siyo.

Eksteno ziandikwe A na B kwa wino usiofutika. Wiki hii A inapokea nakala Ijumaa mchana na kuondoka, wiki ijayo B. Hazichomekwi zote mbili kwa wakati mmoja hata siku moja, kwa sababu umeme ukiruka au kirusi cha kudai fidia kikiingia vitakuta zote mezani. Iliyopumzika ikae jengo jingine, kwenye kabati lenye kufuli, ndani ya mfuko wenye silika jeli. Si kwenye buti la gari. Joto la mchana mle ndani linaua diski. Zifomatiwe kwa mfumo wa NTFS kama mnatumia Windows. exFAT haina daftari la ndani la kufuatilia mabadiliko, na ukichomoa bila kuaga unaweza kukuta folda nzima imechanganyikiwa. Siku mnapozinunua, kabla risiti haijapoa, zijazeni hadi mwisho kwa programu ya H2testw au f3 halafu zisomwe tena. Kuna flashi na eksteno bandia zinazojitangaza TB kadhaa wakati ndani kuna sehemu ndogo tu ya hiyo. Huandika bila kulalamika na kurudia juu ya kilichotangulia. Usipopima utajua siku ya kurudisha.

Mkipata NAS, muulizeni muuzaji kama diski ni za CMR, yaani zenye nyimbo zisizolaliana. Za SMR huandika kwa nyimbo zinazolaliana kama vigae, na ikifika siku ya kujenga upya RAID zinazubaa mno. Mkiweza chukueni diski mbili za matoleo tofauti, maana zilizotoka pamoja hupenda kufa pamoja. UPS iunganishwe na NAS kwa waya wa USB ili betri ikikaribia kuisha NAS ijizime yenyewe kwa adabu. Washeni snapshoti za kila siku, yaani picha za hali ya mafaili mnazoweza kurudia. Na msiifungulie njia kutoka intaneti ili mtu afanyie kazi nyumbani: mwaka 2022 kirusi cha DeadBolt kilifunga NAS nyingi za QNAP zilizokuwa zimeachwa wazi hivyo hivyo.

Baada ya vifaa, njia ya faili. Hapa ndipo maabara nyingi huvujia. Tengenezeni folda nne: 00_pokezi, 01_ghafi, 02_uchambuzi, 03_matokeo. Kila mtu anaweza kuweka kitu kwenye pokezi. Fundi sanifu mmoja ndiye anayehamishia ghafi, na kwa wengine wote, profesa akiwemo, ghafi ni ya kusoma tu. Hapo hata anayetaka kupunguza vitu hawezi. Faili litoke kwenye mashine ndani ya saa 24, likiwa na jina linalojieleza: 2025-03-11_qPCR_brusela_pleti04_AM.eds. Mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, ili kompyuta iyapange yenyewe. Neno “mwisho” au “mwisho_kabisa2” lisionekane kwenye jina la faili.

Tarehe mnayoiandika nyinyi ni muhimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu kompyuta yenu ya Windows 7 ya ELISA pengine haijui leo ni lini. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikiisha, kila umeme unapozimwa saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na matokeo ya jana yanapigwa muhuri wa zamani. Badilisheni betri hiyo. Haizidi sarafu kwa ukubwa. Kwa kuwa kompyuta ile haina mtandao, itengwe flashi moja ya kazi hiyo tu, yenye rangi yake, inayokaguliwa virusi kwenye kompyuta nyingine kila inaporudi. Flashi ya kubebea picha za hadubini iwe exFAT, si FAT32. FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4, na asiyejua hilo hukata tamaa na kupunguza picha.

Pamoja na faili la qPCR lazima iingie ramani ya pleti: kisima A1 kilikuwa na sampuli gani, H12 kilikuwa na nini. Bila ramani hiyo mna mikunjo 96 isiyo na mwenyewe. Hifadhini faili asili la mashine pamoja na toleo la CSV (jedwali la maandishi matupu), maana leseni ya programu ya mashine ikiisha CSV itaendelea kufunguka. Lakini CSV msiifungue kwa kuibonyeza mara mbili kisha kuihifadhi. Excel itageuza sampuli 0071 kuwa 71, sampuli 3E5 kuwa 300000, na namba ndefu kuliko tarakimu 15 itazijazia sifuri mwishoni. Jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 ziligeuzwa kuwa tarehe mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuzibadilisha ziwe MARCHF1 na SEPTIN1. Wanasayansi waliona kubadilisha majina ya jeni ni rahisi kuliko kubadilisha tabia ya Excel! Ingizeni CSV kupitia menyu ya Data, na safu za namba za sampuli zitajwe kuwa maandishi.

Faili likishaingia ghafi, lipigiwe heshi ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na kila biti ya faili. Biti moja ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Kwenye Linux amri ni sha256sum, kwenye Windows ni Get-FileHash ndani ya PowerShell. Orodha ya heshi ikae kwenye folda ile ile na nyingine iende na eksteno. Bila heshi, faili lililooza kimya kimya litanakiliwa kwa uaminifu mkubwa kutoka diski hadi diski kwa miaka.

Kwa kunakili Ijumaa, msitumie rsync yenye --delete wala robocopy yenye /MIR, hata kama mtandaoni kila mtu anazisifu. Amri hizo hufanya pa kupelekea pafanane na pa kutoka, na mchovu akigeuza njia mbili hizo, folda tupu inaimeza iliyojaa. Tumieni programu ya restic. Ni ya bure, inatunza matoleo ya nyuma, haichukui nafasi mara mbili kwa faili lisilobadilika, na inafunga kila kitu kwa nenosiri. Wekeni itunze nakala za siku 7, wiki 5 na miezi 12. Kufuta kunakogunduliwa baada ya wiki sita kungekuwa jambo dogo. Nenosiri la restic likipotea data zimepotea, hakuna fundi wa kulivunja. Liandikwe kwenye karatasi mbili, moja kwenye bahasha iliyofungwa katika sefu ya mkuu wa idara, nyingine kwa profesa.

Nakala ya tatu iende mbali, nje ya mji. Hapa mhesabu bando kabla ya kuota. TB 3 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 10 ni siku 28 mfululizo, usiku na mchana, bila kukatika. Haiwezekani. Chagueni kisichorudiwa: mafaili ya qPCR na ELISA, ramani za pleti, picha za hadubini zilizotumika, na FASTQ za MinION, yaani mafaili ya herufi za DNA zilizokwisha kusomwa. Tuseme ni GB 200. Kwa kasi ile ile ni saa 44, yaani wikendi moja. POD5, ambazo ndizo ishara ghafi za MinION na ndizo nzito, zibaki kwenye A na B. Msizifute, kwa sababu programu za kutafsiri ishara kuwa herufi za DNA zinaendelea kuboreka na mtataka kuzipitisha tena. Na msijenge mpango kwa kudhani chuo kina nafasi isiyo na mwisho Google. Tangu 2022 taasisi za elimu zilipewa kikomo cha pamoja kinachoanzia TB 100 kwa taasisi nzima.

Majina ya wafugaji yatoke humo leo. Sampuli zibaki na namba tu, na faili linalounganisha namba na jina, kijiji na simu likae peke yake, limefungwa kwa nenosiri, mikononi mwa watu wawili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti na ina masharti ya kuzitoa nje ya nchi. Gmail binafsi ya mwanafunzi, yenye seva zisizojulikana ziko bara gani, haiwezi kutetewa mbele ya kamati ya maadili iliyowapa kibali. Kama mnashirikiana na maabara ya ng'ambo, uhamishaji wa data unataka mkataba wake kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Bakapu isiwe njia ya uani. Andikeni pia nakala za faili hilo ziko wapi. Mfugaji akijitoa kwenye utafiti mtatakiwa kumwondoa kote, pamoja na kwenye eksteno iliyolala kabatini.

Kuhusu watu: tangazo halifanyi kazi kwa sababu halina mwenyewe. Mteue mtu mmoja wa bakapu na naibu wake, majina yaandikwe ukutani pamoja na tarehe ya nakala ya mwisho. Profesa akubali masharti mawili tu. Kwenye kikao cha maabara, hakuna grafu inayojadiliwa kama mwenye nayo hajaonyesha njia ya faili lake ndani ya ghafi. Na fomu ya kuondokea chuoni haisainiwi mpaka fundi aseme kila kitu kimepokelewa, zikiwemo kurasa za daftari la maabara zilizopigwa picha na ramani ya masanduku yake kwenye frizaa. Masharti hayo mawili yanatosha kuliko mwongozo wa kurasa ishirini.

Kila miezi mitatu fanyeni zoezi la kurudisha. Mtu ambaye si wa bakapu achague mafaili matano kwa kubahatisha na folda moja nzima, ayarudishe kutoka A au B kwenye laptopu ambayo haikuhusika, alinganishe heshi, kisha ayafungue kwa programu yake. Kufungua ni lazima. Heshi inaweza kulingana vizuri huku programu ya kusomea imebaki kwenye kompyuta iliyokufa mwaka jana. Siku hiyo hiyo pitisheni restic check yenye --read-data-subset=10%, isome sehemu ya kumi ya nakala yenyewe badala ya kuangalia orodha tu.

Limebaki la Gmail, na hilo lina saa. Umiliki wa mafaili ya Drive hauhamishiki kutoka akaunti binafsi kwenda akaunti ya chuo kwa kubonyeza kitufe. Njia ya uhakika ni kuyapakua yote na kuyapakia upya kwenye hifadhi ya pamoja ambayo mmiliki wake ni chuo chenyewe. Nyaraka za Docs na Sheets hubadilika kuwa Word na Excel wakati wa kupakua, na historia ya mabadiliko haifuati, kwa hiyo zilizo muhimu zihifadhiwe pia kama PDF. Hesabuni mafaili kabla na baada. Laptopu zote kumi na moja ziondolewe kwenye usawazishaji wa folda ya zamani kabla haijaguswa, la sivyo mtarudia kisa kile kile. Kazi hiyo ni ya siku mbili au tatu kwa mtandao wa chuo. Mwanafunzi huyo aifanye wiki hii pamoja nawe, kabla hajaanza kukimbizana na masahihisho ya tasnifu.